Moshiri aliwaunga mkono makocha wa Everton, au aliwapa hela tu?

Bendera ya Kona

Wakuu, kuna ubishi umenishinda, naomba msaada. Shemeji yangu ni mtu wa Chelsea, na kila tukikaa kuangalia mpira ananigongea msumari uleule kuhusu Moshiri, aliyekuwa mmiliki wa klabu yetu: "Ninyi Everton hamna shukrani. Moshiri aliwaunga mkono makocha kuliko tajiri yeyote pale England, mkaishia kumzomea." Hesabu yake fupi. Moshiri kaingia Februari 2016, kamwaga zaidi ya pauni milioni 500 kwenye usajili, kaondoka Desemba 2024 bila kombe hata moja kabatini. Kama hiyo si sapoti, ananiuliza, sapoti inafananaje?

Mimi na Everton tulianza enzi za Tim Cahill akifunga na kwenda kuipiga ngumi bendera ya kona, kwa hiyo sijifanyi hakimu. Lakini nikiwahesabu makocha wake, ukiacha waliokaimu, nawapata Martínez (huyu alimkuta, akamtimua), Koeman, Allardyce, Silva, Ancelotti, Benítez, Lampard, Dyche. Wanane, miaka tisa haijatimia. Ancelotti peke yake ndiye aliyejiondokea mwenyewe, alipoitwa na Real Madrid, na nani angekataa.

Kinachonikereketa zaidi ni Januari 2022. Benítez alipewa timu Juni 2021, mtu aliyewahi kutuita klabu ndogo alipokuwa Liverpool. Mashabiki hatukumtaka, Moshiri akamtaka. Haya, timu yake. Hela zenyewe kiangazi kile zilikuwa zimekauka: Demarai Gray pauni milioni 1.7, Townsend bure, Rondón bure. Desemba kocha akakorofishana na Lucas Digne, beki wetu wa kushoto, mguu uliokuwa unatutengenezea krosi. Digne akawekwa pembeni. Mwezi huohuo Marcel Brands, mkurugenzi wa soka, akafungasha. Moshiri akasimama na kocha. Siku ya Mwaka Mpya akaletwa Mykolenko kutoka Dynamo Kyiv acheze kushoto, na Alhamisi tarehe 13 Digne akauzwa Aston Villa.

Jumamosi tukaenda Norwich. Norwich ile ilikuwa imepoteza mechi sita za ligi mfululizo bila kufunga hata bao. Keane akajifunga, dakika mbili baadaye Idah akatia la pili. Richarlison alirudisha moja kwa tikitaka ambayo siku nyingine ningeirudia mara ishirini, siku ile sikuirudia. Jumapili Benítez akafukuzwa.

Yaani Alhamisi unamuuza mchezaji kumridhisha kocha, Jumapili unamtimua kocha. Beki huna, kocha huna.

Sasa nambieni: mmiliki anayemuunga mkono kocha anafanya nini hasa? Anatoa hela? Anatoa muda? Au kuna kitu cha tatu ambacho mimi na shemeji wote hatukioni?

Mweusi Mweupe

Pole mkuu, ila mwenzio nimeishi miaka 14 na Mike Ashley, aliyekuwa mmiliki wetu pale Newcastle. Hiyo Januari yako kwetu ni sherehe.

Nikupe ya Keegan. Agosti 2008, dirisha linakaribia kufungwa, Keegan ndiye kocha lakini juu yake amewekewa mkurugenzi, Dennis Wise. Wise anampigia kwamba kuna mchezaji wa Uruguay, Ignacio González, aje kwa mkopo. Keegan hajawahi hata kumsikia. Anaambiwa akamtazame YouTube. Mzee wa watu akaenda kumtazama YouTube! Akakuta vipande vyenyewe havionekani vizuri, akasema huyu simtaki. Akasajiliwa vilevile. Siku chache baadaye Keegan akajiuzulu, kesi ikaenda kwenye usuluhishi, na 2009 akapewa haki yake pamoja na fidia ya pauni milioni 2. Humo ndimo ilipotoka kwamba usajili ule ulikuwa fadhila kwa mawakala wawili wa Amerika Kusini. González alituchezea mechi mbili.

Halafu Ashley huyohuyo, Septemba 2012, akampa Pardew mkataba wa miaka minane. Minane! Tulikuwa tumetoka kumaliza wa tano, watu wakasema jamaa amebadilika, sasa anajenga. Kiangazi kile tulichonunua cha kueleweka ni Vurnon Anita. Kufika Januari tunanusa kushuka daraja, wakaletwa Wafaransa watano kwa mpigo kama zimamoto. Tukamaliza wa 16.

Ndiyo maana mtu akiniambia habari za "muda", huwa nauliza muda wa kufanya nini. Pardew alikuwa na muda kuliko wote, mikono mitupu.

Kocha wa Mezani

Nitakuwa mtu mbaya hapa. Kila siku mmiliki, mmiliki. Makocha nao je?

Chukua hiyo Everton ya kiangazi 2017. Mmemuuza Lukaku Manchester United kwa pauni milioni 75, mtu aliyetoka kuwafungia mabao 25 ya ligi. Hela ipo. Mkanunua Rooney, Klaassen na Sigurdsson, watatu ambao ukiwaambia kila mmoja asimame anapopapenda, watakanyagana palepale nyuma ya straika. Straika mwenyewe hayupo. Giroud mlimkaribia, akaamua kubaki London. Sawa, bahati mbaya, lakini ukikosa Giroud huna jina la pili kwenye daftari? Koeman alikuwepo kwenye mipango hiyo. Hakuwa mateka. Oktoba Arsenal wakawapiga 5-2 nyumbani kwenu, mko kwenye mstari wa kushuka, kesho yake akaondoka na fidia yake.

Mmiliki aliyempa kocha kila alichoomba na kocha akaomba upuuzi, mnataka afanye nini? Wakati mwingine sapoti ya kweli ni kumwambia kocha hapana.

Mtutu

Kocha wa Mezani nakubaliana na wewe kwa asilimia fulani, lakini unamwambia hapana kabla hajanunua, siyo Oktoba.

Sisi Arsenal tuliwatukana akina Kroenke, wamiliki wetu, miaka na miaka, mimi nikiwa mstari wa mbele, na sifuti kauli zote. Ila kwa kocha Arteta walifanya jambo ambalo sikulitegemea. Kamaliza wa 8 mara mbili mfululizo. Msimu wa tatu, 2021/22, tunaanza kwa kufungwa na Brentford 2-0, Chelsea 2-0, City 5-0. Mechi tatu, pointi sifuri, bao sifuri, tuko mkiani mwa ligi. Mimi binafsi nilishaandika majina ya makocha watatu wa kumrithi (siyataji, yamenitia aibu). Hawakumgusa.

Lakini hilo la muda siyo kubwa. Kubwa ni Desemba ile. Arteta kamvua Aubameyang unahodha kwa utovu wa nidhamu. Huyu ndiye nahodha, ndiye mfungaji, ndiye mwenye mshahara mnono, na mkataba mpya alisaini Septemba 2020 tu. Mmiliki wa kawaida angemwita kocha ofisini: kijana, hii ni mali yangu unaichezea. Wao wakamwachia Auba aende Barcelona bure. Bure, kaka! Na hakuletwa straika mwingine Januari ile. Tukakosa nafasi ya nne, tukamaliza wa tano, na kelele zikawa nyingi kwamba Auba angetusaidia. Labda kweli angetusaidia. Arteta akabaki, na misimu mitatu iliyofuata tukawa wa pili, wa pili, wa pili.

Wewe umeuliza kitu cha tatu. Kwangu ni hicho: kumkingia kifua kocha kwenye uamuzi unaokuuma mfukoni, halafu kesho yake ukabaki palepale uliposimama.

Mwana Darajani

Nilitaka nipite kimya ila Chelsea imetajwa. Bendera ya Kona, shemeji yako ni mwenzangu, lakini hoja yake siiungi mkono yote.

Abramovich, tajiri wetu wa zamani, hakuwahi kujidai mvumilivu. Ancelotti alibeba ligi na FA Cup 2010, Mei 2011 akafukuzwa, tena siku ileile ya kufungwa na Everton yenu kwenu Goodison. Di Matteo alituletea Ligi ya Mabingwa Mei 2012, Novemba hayupo. Kikatili, ndiyo. Ila katika miaka yake 19 tulibeba ligi mara tano na Ulaya mara mbili, na kila kocha aliyesaini alijua anakalia kiti cha moto. Tofauti na Moshiri ni kwamba kikosi hakikuvunjwa kila kocha akibadilika. Terry, Lampard, Čech, Drogba walibaki, kocha mpya anaingia anakuta nyumba ina nguzo. Kwenu kila kocha alianza na msingi.

Tena bora mngekuwa na Ranieri wa Leicester mkajua matamko yanavyofanya kazi. Februari 7, 2017 klabu imetangaza kwamba inamuunga mkono bila kuyumba. Februari 23 kafukuzwa, bingwa wa England.

Nije kwa Mtutu sasa, maana umenigusa kidonda na huyo Auba wako. Unajua alikoishia? Kiangazi 2022 tajiri mpya Boehly kamwaga zaidi ya pauni milioni 250. Kocha Tuchel anamtaka Auba, wamefanya kazi pamoja Dortmund, anamjua. Analetwa siku ya mwisho ya dirisha. Anavaa barakoa maana taya limevunjwa na majambazi waliomvamia nyumbani kwake Barcelona. Anacheza mechi yake ya kwanza Zagreb, Septemba 6, tunafungwa 1-0. Septemba 7 asubuhi Tuchel kafukuzwa. Akaja Potter, hamtaki, na Februari akamtoa hadi kwenye orodha ya Ligi ya Mabingwa.

Mchezaji mmoja huyohuyo: Arsenal walimtoa kwa ajili ya kocha, sisi tukamleta kwa ajili ya kocha, na kocha aliyebaki kazini ni wa kwao.

Bendera ya Kona

Mwana Darajani hiyo ya Auba naihamisha nzima nzima hadi kwa shemeji, ajue anakotoka.

Mweusi Mweupe, mimi na wewe tukutane tulie. YouTube!

Kocha wa Mezani, 2017 nakupa. Sitetei. Nilikuwa mmoja wa waliofurahi tulipomsajili Sigurdsson, kwa hiyo na mimi niko kwenye mashtaka. Lakini angalia ulipoishia: "sapoti ni kumwambia hapana." Ili umwambie kocha hapana lazima uwe unajua timu yako inataka kucheza vipi. Moshiri hakuwa na hilo. Angekuwa nalo asingetoka kwa Koeman kwenda kwa Allardyce, kutoka Allardyce kwenda kwa Silva. Hao ni watu watatu ambao hata ukiwaweka meza moja hawakubaliani golikipa aanze mpira vipi. Kila mmoja alipewa hela ya kununua wachezaji wake, na aliyefuata akarithi mizigo ya mwenzake yenye mishahara minono. Mwisho wa hesabu tukakatwa pointi 10 Novemba 2023 kwa kupitiliza hasara inayoruhusiwa, rufaa ikazishusha zikawa 6, Aprili tukaongezewa 2. Dyche ndiye aliyezilipa. Kocha ambaye yeye hakupewa hela za kumwaga, analipa deni la shopingi ya Koeman.

Na mnaona ajabu, Dyche huyohuyo Burnley walishuka naye 2015, hawakumgusa, mwaka uliofuata akawarudisha Ligi Kuu. Mwenyekiti wa Burnley hakuwa na robo ya hela za Moshiri.

Kocha wa Mezani

Sawa, lakini usisahau jambo moja kwenye hadithi yako ya Januari. Umesema "beki huna, kocha huna". Beki mlikuwa naye. Mykolenko.

Bendera ya Kona

Umenikamata.

Mei 8 mwaka uleule, ugenini Leicester, tunapigania kutoshuka daraja, dakika ya sita. Mpira umepaa, unashuka taratibu nje ya boksi, Mykolenko kaubananisha na voli kabla haujagusa majani. Kona ya chini. Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Tulishinda 2-1, na bila pointi zile sijui. Chini ya Lampard, ndiyo, lakini mchezaji kaletwa kwa ajili ya Benítez, na aliyelipa ni nani?

Shemeji alikuwa amekaa pembeni yangu siku hiyo. Aliniacha nishangilie nimalize, nikae, ninywe maji. Ndipo akauliza kwa upole, "Huyu si wa hela za Moshiri?"