Naomba ushauri: kijana ninayemlea anakaribia 18, nimwandaaje na kazi na hela?

Habari zenu wakuu. Nina kijana niliyekabidhiwa nimlee, nimekaa nae miaka minne, miezi mitano ijayo anafikisha 18 na malezi rasmi yanaishia hapo. Mi simfukuzi, ila mwenyewe anataka akajitegemee.

Shida ni hela. Juzi kalipwa kibarua chake cha kwanza, siku tatu tu hana kitu, kanunua viatu na kugawia washkaji, nikamkuta kitandani anapanga sarafu zilizobaki akaniuliza "kumbe chumba unalipia kabla hata hujahamia?" Roho iliniuma sana, mtoto kahamishwa nyumba hadi nyumba nani angemfundisha hayo? Cheti cha kuzaliwa tumepata, akaunti ya benki bado, CV ndo tunaandika ila kwenye wadhamini hana mtu zaidi yangu.

Mliopitia hii nisaidieni, aanze kazi yoyote au asomee ufundi kwanza? Na mshahara wake nimshikie au nimwache akosee angali kwangu? Mi naona bora akosee hapa nikiwepo, ila naogopa jamani.