Helmeti ya kufunika uso wote au ya wazi: mwendesha pikipiki anunue ipi?

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Njombe, na wiki tano zilizopita nilinunua pikipiki ya kwendea kazini, safari ya kilomita 23 kila asubuhi, nusu lami na nusu vumbi, huku malori ya mbao yakinipita kwa kasi. Dukani nilipewa helmeti moja bure, ile iliyo wazi mbele, yenye kioo kifupi kinachoishia puani. Mke wangu hakuridhika nayo hata kidogo, akanitaka niongeze fedha ninunue ile inayofunika uso wote mpaka kidevuni.

Nilipowauliza vijana wa bodaboda kijiweni kwetu, karibu wote walinikataza. Walisema kwamba ile ya uso wote inaziba masikio, inamzuia mtu kuona pembeni, kioo chake kinajaa mvuke wa pumzi kwa baridi yetu hii, na mtu akianguka inamvunja shingo kwa uzito wake. Hao ndio wanaoshinda barabarani, nami ni mgeni wa chombo hiki, kwa hiyo siwezi kuyapuuza maneno yao. Naomba mwenye utaalamu au uzoefu anieleze kama hofu hizo ni za kweli.

Tabibu wa Zamu

Mwalimu, pole na safari hiyo ya kila siku. Nafanya kazi katika chumba cha dharura, na nitakueleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu, maana ndilo lililonifanya niwe na msimamo.

Usiku mmoja tuliletewa kijana aliyeanguka kwenye kona yenye mchanga. Alikuwa amevaa helmeti ya wazi, tena amefunga mkanda vizuri, na paji lake la uso halikuwa na hata mkwaruzo. Lakini kuanzia puani kwenda chini hali ilikuwa nyingine kabisa: taya la chini lilikuwa limevunjika pande zote mbili, meno ya mbele hayapo, na kwa kuwa ulimi umeshikizwa kwenye mfupa huo uliokatika, kila tulipomlaza chali ulirudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Ilibidi tumkalishe akiwa ameinama mbele, damu ikidondoka kwenye beseni, mmoja wetu akimshika mabega muda wote hadi alipopelekwa chumba cha upasuaji. Helmeti ile ilimwokoa ubongo, na hilo nalishukuru, ila kidevu hakikuwa na kitu chochote cha kukikinga.

Helmeti yoyote nzuri iliyofungwa ni bora kuliko kichwa kitupu. Tafiti ambazo Shirika la Afya Duniani limezitumia kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hofu za vijana wa kijiweni nazo zilichunguzwa zamani. Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walikwenda wenyewe kwenye ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles, na ripoti yao ya mwaka 1981 ilieleza kwamba waliovaa helmeti waliumia shingo kidogo kuliko wasiovaa, kwamba helmeti haikuwazuia kuona hatari wala kusikia sauti za muhimu, na kwamba ile ya kufunika uso wote ilipunguza sana majeraha ya uso. Kwa hiyo mkeo yuko sahihi.

Boda wa Mbagala

Namheshimu tabibu, na aliyoyaeleza nayaamini, kwa sababu wenzangu wawili wamefungwa taya waya na kunywa uji kwa mrija wiki nyingi. Hata hivyo, naomba vijana wa kijiweni wasihukumiwe kama watu wasiojali maisha yao. Nina miaka 12 katika kazi hii Dar es Salaam. Mwezi wa pili, saa nane mchana, umesimama kwenye foleni na joto la injini linapanda miguuni, helmeti ya uso wote inakuwa kama sufuria lililofunikwa. Abiria anakuelekeza njia nawe humsikii vizuri hadi ufungue kioo. Isitoshe, wapo akina mama wanaoogopa kupanda pikipiki ya mtu wasiyeuona uso wake, hasa kioo kikiwa cheusi, kwa sababu wezi wa mikoba nao hujificha humo humo. Sura yangu ndiyo inayonipa wateja wa kudumu.

Matokeo yake wengi hununua ile kubwa kisha huitundika kwenye usukani, au huiegesha juu ya utosi bila kufunga mkanda, na mtu wa namna hiyo akianguka helmeti hutangulia kufika chini peke yake. Mimi naona kwa kazi ya mjini, ya wazi iliyofungwa inamfaa dereva kuliko kubwa isiyovaliwa. Lakini wewe, mwalimu, huna abiria wa kukuelekeza, unakaa kwenye baridi, na unapita barabara ya malori. Mimi mwenyewe nikisafiri kwenda Kibiti naazima ya uso wote, kwa sababu mbawakawa mmoja akikupiga jichoni ukiwa kwenye mwendo wa 70 unaweza kupoteza mwelekeo kabla hujajua kilichokupata.

Fundi Vipuri

Mnajadili umbo tu, ilhali zipo helmeti za uso wote ambazo hazikingi chochote. Nauza vipuri, na nasema wazi kwamba zinaletwa nyingi ambazo ndani yake ni sponji ya godoro na gamba la plastiki tu. Ukivuta kitambaa cha ndani ni lazima ukute povu gumu jeupe, kama lile linalokuja na televisheni mpya kwenye boksi. Hilo ndilo linalobonyea na kupokea kishindo badala ya fuvu, na kwa kuwa likishabonyea halirudi, helmeti iliyokwisha kupigwa katika ajali haifai tena hata kama kwa nje inang'aa.

Kisha tafuta kitambulisho kilichoshonwa kwenye mkanda. Zilizopimwa kwa kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa zina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, halafu namba ndefu inayoanza na 05 au 06, na baada yake herufi. P maana yake kidevu kimepimwa na kinakinga. J maana yake ni ya wazi. NP ndiyo ya kuogopa, kwa sababu kidevu kinaonekana kipo lakini hakikupimwa kukinga. Kanuni hiyo hiyo inadai mvaaji aone nyuzi 105 kila upande, kwa hiyo suala la kutoona pembeni lisikusumbue.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Nawashukuru sana. Leo nimekwenda mjini na nimekagua helmeti sita. Nne hazikuwa na kitambulisho chochote, moja ilikuwa na P lakini kubwa mno, na moja yenye P imenibana mashavu. Nimesahau kusema kwamba navaa miwani. Je, hiyo inayobana ndiyo niichukue? Na mvuke niufanyeje?

Fundi Vipuri

Chukua hiyo inayobana mashavu, mradi isiumize paji la uso, maana sponji za mashavu hulegea baada ya wiki chache. Itikise kichwani: ngozi ya shavu iende nayo. Miwani vaa mwisho, ukipitisha mikono yake kwenye uwazi wa mbele. Kuhusu mvuke, paka sabuni ya maji kidogo sana upande wa ndani wa kioo, uifute kwa kitambaa laini hadi isionekane, na unapokwenda polepole acha kioo wazi kwa upana wa kidole. Usiisafishe helmeti kwa petroli wala thina, kwa kuwa zinadhoofisha gamba.

Tabibu wa Zamu

Nyongeza moja, mwalimu, kwa sababu hili ndilo tatizo halisi la helmeti ya uso wote. Wasamaria wema hukimbilia kuivua kwa kuivuta juu kwa nguvu, na hapo shingo iliyopona kwenye ajali inaweza kuumizwa. Waeleze walimu wenzako na jirani zako wa njiani kwamba kwanza wafungue kioo, waangalie kama unapumua, na kama unapumua waiache hadi wahudumu wafike. Ikiwa hewa imeziba au unatapika, wafungue au wakate mkanda, mmoja aishike shingo na taya kwa mikono miwili bila kuachia, na mwingine aipanue kwa pembeni na kuitoa taratibu.