Naombeni msaada: kanuni ya kasi na hii k inayobadilisha vizio kila swali

Kidato6_PCB: Wakuu, shikamooni. Mada ya kasi ya mmenyuko inanipiga chenga. Swali ni 2NO + 2H₂ → N₂ + 2H₂O, na jibu la kitabuni ni kasi = k[NO]²[H₂] (mabano ni ukolezi, k ni namba thabiti ya kasi). H₂ ina 2 kwenye mlinganyo, mbona oda yake, yaani kipeo cha ukolezi wake, ni 1? Data: ukolezi wote ukiwa 0.10 mol/L, kasi ni 0.0012 mol/L kwa sekunde. NO ikipanda hadi 0.20 peke yake, kasi ni 0.0048. H₂ ikipanda hadi 0.20 peke yake, ni 0.0024. Na vizio vya k nivikaririje?

Ticha_Mstaafu: Marahaba, mwanangu. Mlinganyo unakuonyesha uwiano wa kinacholiwa na kinachozaliwa, basi. Oda inatoka maabara. NO imeongezeka mara 2, kasi ikapanda mara 4: oda ni 2. H₂ imeongezeka mara 2, kasi nayo mara 2: oda ni 1. Jumla 3. Ukipewa mlinganyo mtupu bila data wala hatua zake, usiandike oda yoyote.

Mkemia_Kazini: Niongezee sababu, maana ukiielewa hutakariri tena. Mmenyuko huu haufanyiki kwa mkupuo. Hatua zinazokubalika ni hizi: NO mbili zinaungana upesi kuwa N₂O₂ na kuachana tena, N₂O₂ inagongana na H₂ moja, na hapa ndipo polepole, kisha N₂O inayotokea inamalizana upesi na H₂ ya pili. Foleni yote inasubiri hatua ya katikati, na hadi hapo zimeingia NO mbili na H₂ moja tu.

Kidato6_PCB: Aisee! Kwa hiyo H₂ ya pili inaingia kazi ngumu ikiwa imeshaisha. Na k?

Ticha_Mstaafu: Usikariri vizio, gawanya. 0.0012 ÷ (0.10² × 0.10) = 1.2, na vizio vinabaki L² mol⁻² s⁻¹. Oda ya kwanza ingekupa s⁻¹ tu. Ukibadilisha ukolezi, k haitikisiki. Ukipandisha jotoridi, inapanda, kama alivyoonyesha mwanakemia Arrhenius mwaka 1889.

Kidato6_PCB: Nimejaribu kwa mstari wa pili: 0.0048 ÷ (0.20² × 0.10) = 1.2. Imetoka ileile! Asante sana mwalimu, asante mkuu.