Kubeba baiskeli bila kuchubua rangi: stendi ya buti, keria ya juu au uilaze ndani?

Mtu_wa_Vilima:
Wakuu habari za jumapili. Nina Toyota IST nyeusi, na nyeusi mnaijua, hata ukiipangusa na kitambaa kikavu inakusema. Kila jumamosi naenda na baiskeli Pugu kwenye vilima, naibeba kwa gari maana kushindana na malori barabara ya Nyerere alfajiri ile siwezi. Nilinunua ile stendi ya mikanda inayofungwa mlango wa buti. Miezi minne tu, leo naosha gari juani naona pale pedi zinapokaa rangi imefanya ukungu kama imepigwa msasa, na chini ya kioo kuna mchirizi wa pedeli mrefu kama kiganja. Fundi kanitajia 120,000 kupuliza mlango mzima nikamwambia ngoja kwanza. Sasa nibaki na stendi hii nibadili kufunga, nihamie keria ya juu, nitafute ile ya kwenye ndoano ya trela au niilaze ndani tu yaishe? Wenye uzoefu mwageni.

GiaYaMwisho:
Pole mkuu. Pedeli ndo dawa yake nyepesi, ukipakia hakikisha upande wa cheni unatazama nje, siyo garini, halafu pedeli ya upande wa gari ifungue kabisa. Spana namba 15, na ya kushoto inafunguka kinyume na ulivyozoea, watu wanaikaza wakidhani wanaifungua mpaka wanaharibu kreki, ule mkono unaoshika pedeli. Kingine, gurudumu la mbele lifunge kwenye fremu, lisipofungwa usukani unajigeuza kila kona na ncha ya breki inaandika jina lake kwenye buti lako.

FundiKlia:
Mimi napuliza rangi miaka mingi, niwaambie kitu, pedi ya stendi haikwaruzi. Kinachokwaruza ni vumbi lililo KATI ya pedi na rangi. Gari linatikisika, stendi inacheza kidogo kidogo, ule mchanga unasaga kilomita zote hizo. Rangi ya kiwandani yote kwa jumla ni kama maikroni 100 hadi 150 tu, na klia, ule mpako wa juu usio na rangi, ni 40 au 50 hapo, sasa wewe unaisugulia mchanga wa Pugu kila jumamosi unategemea nini. Kabla ya kufunga osha ile sehemu, na pedi zenyewe uzioshe, hilo la pili hakuna anayelifanya. Mikanda nayo kaza mpaka stendi igome kutikisika, endesha dakika kumi simama kaza tena, maana huwa inalegea.

Dada_wa_Spoki:
Me nilikata tyubu ya zamani ya baiskeli nikavisha kwenye miguu ya stendi, haitelezi kabisa na bure. Juu yake nikaweka blanketi kufunika buti lote. Mwaka sasa.

FundiKlia:
Dada gari lako rangi gani? Kama jeupe ondoa hiyo tyubu leo leo. Mpira mweusi ukikaa kwenye rangi nyeupe na jua hili unaacha doa la njano hivi au kahawia, linaingia ndani ya rangi, halitoki kwa sabuni, na polishi mara nyingi inashindwa kulitoa. Na blanketi la nje ndo baya kuliko yote, ukifika spidi 80 linapigapiga, na lina vumbi lake, yaani umeajiri msasa wa kutembea.

Dada_wa_Spoki:
Noah nyeupe 😩 nimetoka kuangalia. Lipo. Nilikuwa nadhani ni lami.

Mazee_Karura:
Sisi huku Nairobi tukienda mbuga ya Hell's Gate tunaweka juu, na mimi ni mtu wa keria. Nyuma buti iko free, unafungua bila kushusha baiskeli, na namba ya gari inaonekana vizuri so polisi hana story na wewe. Lakini niseme ukweli, mikwaruzo yangu yote imetoka kwa kupakia, si kwa safari. Unainua kilo 14 juu ya kichwa, unachoka, unaegemeza kwa ukingo wa mlango, kwisha. Siku hizi nasimama kwa kigoda na tunainua watu wawili, na ukingo wa paa naweka taulo wakati wa kupakia TU, halafu natoa. Ile siku nilisahau baiskeli iko juu nikaingia parking ya chini ya mall sitaki kuiongelea.

GiaYaMwisho:
😂😂 tuambie tu mkuu, ipo hai?

Mazee_Karura:
Keria iko hai.

Mzee_wa_Ndoano:
Ya kwenye ndoano ndo bora kwa rangi, haigusi bodi popote, uzito wote unabebwa na ndoano. Tatizo IST haitoki na ndoano, uchomeshe, na stendi yenyewe bei yake utaikumbuka. Kwa baiskeli moja ya jumamosi mi naona ni kuua mbu kwa rungu. Ukiwa nazo mbili tatu na familia, hapo sawa, ila pima umbali, nyingine zinaachia nafasi ndogo usukani unafika kwenye kioo.

Kijana_wa_Moshi:
Jamani IST viti vya nyuma vinalala, kwa nini mnateseka? Toa gurudumu la mbele, kalio la baiskeli shusha, ingiza gurudumu la nyuma kwanza, cheni juu. Ukiwa na breki za diski za mafuta kata kipande cha boksi uchomeke katikati ya pedi za breki, bahati mbaya ukibonyeza breki bila gurudumu zinabanana kuzitenganisha ni kazi. Kinachochubuka hapa ni plastiki ya mlangoni na ule ukingo wa bampa, pale kwenye bampa kuna filamu nene ya plastiki inayoonekana kama hakuna kitu, bandika. Selotepu ya kawaida usiiache juani, gundi inabaki.

Mtu_wa_Vilima:
Nimejaribu jioni hii. Imeingia kweli, tena na nafasi ya begi! Nimetandika shuka ndani, grisi ya cheni imeishia hapo. Stendi nitaiuza au nitabaki nayo kwa siku tukiwa wawili, na hapo nitaosha pedi kama fundi alivyosema. FundiKlia, ule ukungu kwenye buti utatoka bila kupuliza?

FundiKlia:
Pitisha kucha. Ukungu ambao kucha inateleza tu upo kwenye klia, unatoka kwa kampaundi na polishi, usikubali kupulizwa. Ule mchirizi wa pedeli kama kucha inakwama, huo umeshuka, utapunguzwa makali tu. Na fundi akija na mashine mwambie asikae sehemu moja, ile klia uliyobakiza ni ndogo.

Dada_wa_Spoki:
Na la Noah je fundi?

FundiKlia:
Njoo nalo nilione dada, ila usije na blanketi.