Tupeane uzoefu: Wavietnam na maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi

Mwalimu wa Jioni, Hanoi

Wakuu, habari za huko mliko. Nafundisha Kiingereza kwenye kituo cha jioni hapa Hanoi. Wanafunzi wangu ni wafanyakazi wa ofisini na vijana wa chuo wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Najua humu tuko wengi tunaofundisha Wavietnam au kufanya nao kazi, wengine huku, wengine nyumbani, wengine Marekani. Naomba tuzungumzie jambo moja tu: neno la Kiingereza lenye maana nyingi. Sarufi hawa watu wanaikamata vizuri. Kinachowaangusha ni neno dogo wanaloamini wanalijua tangu utotoni.

Mfano wa hivi karibuni. Kwenye kifungu cha kusoma kulikuwa na mama ambaye "runs a small restaurant". Nikauliza mama huyu anafanya kazi gani. Darasa karibu zima likajibu: mhudumu, yule anayewapelekea wateja chakula mezani. Hawakubahatisha. Kukimbia kwa Kivietnam ni "chạy", na kazi ya kuhudumia meza wanaiita "chạy bàn", yaani kukimbia meza. Kwa hiyo walipita njia yenye mantiki kamili, wakafika mahali panapoeleweka, ila si pale mwandishi alipokusudia: kuendesha mgahawa. Mwenye mgahawa akageuka mfanyakazi wake mwenyewe, na maswali yote yaliyofuata yakaharibika.

Naona shida inaanzia kwenye daftari. Siku hizi lugha ya kigeni ni lazima kuanzia darasa la 3, na kwa wengi lugha hiyo ni Kiingereza. Mtoto anachora mstari katikati ya ukurasa, neno la Kiingereza kushoto, la Kivietnam kulia, moja kwa moja. "Address" ni "địa chỉ", anwani, basi, mlango umefungwa. Akiwa mtu mzima anakutana na "address the problem", yaani kushughulikia tatizo, na ananiuliza kwa dhati tatizo linakuwaje na anwani. Inaniuma, kwa sababu bidii yao ni kubwa na daftari zimejaa.

Mwenye kisa chake akilete. Na aliyepata dawa aitaje.

Dada wa Saigon

Hiyo ya daftari umesema kweli, mwalimu. Mimi ni Mkenya, niko Ho Chi Minh City, ile Saigon ya zamani, nafundisha watoto wadogo. Huku kusini kufungua mlango, kuwasha taa na kuwasha feni vyote ni "mở". Basi kila mchana kukiwa na joto nasikia "Teacher, open the fan!" Nimeacha kusahihisha kwa kusema "hapana". Narudia tu kwa furaha, "Yes, let's turn on the fan", huku mkono wangu ukizungusha swichi ili waone kitu kinachozunguka. Maana "turn" yenyewe wanaijua: ni kugeuka. Wakishaona swichi ya zamani inageuzwa, ile "on" inapata pa kukaa.

Lakini neno lililonigusa zaidi ni "miss". Kwa Kivietnam "nhớ" ni kukumbuka na pia ni kumtamani mtu aliye mbali. Binti mmoja ambaye mama yake anafanya kazi mkoa mwingine aliandika kwenye insha "I remember my mother every day". Mwalimu mwenzangu wa Kizungu alilisoma akafikiri mama amefariki. Mimi nilielewa palepale, kwa sababu bibi yangu Pwani husema "nimekukumbuka sana mjukuu wangu" akimaanisha hivyohivyo. Nilipomfundisha "I miss my mother" akaniuliza: mbona "miss" ni kukosa basi? Nikamwambia basi ulilikosa kwa sababu halipo ulipo wewe. Mama naye hayupo ulipo wewe. Akaandika zote mbili kwenye mstari mmoja.

Fundi Minara

Mimi si mwalimu, wakuu, ila kisa ninacho. Wavietnam wamekuwa wengi kwenye kazi za mawasiliano huku kwetu tangu 2015, Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam, ilipoanzisha Halotel hapa Tanzania na Lumitel kwa jirani zetu Burundi. Mimi nilikuwa kwa mkandarasi mmoja wa minara ambako mhasibu alikuwa binti wa Kivietnam, mpole, Kiingereza chake cha vitabuni.

Siku moja dereva akatuma ujumbe kutoka porini kwamba "battery bank" imeibiwa. Binti akashtuka kweli. Kwake "bank" ni "ngân hàng", benki ya fedha, akaanza kuuliza ni tawi gani na kama akaunti ya kazi iko huko. Ikabidi dereva atume picha ya kabati tupu ambalo betri zilikuwa zimepangwa.

Baadaye akanifuata: kwa nini betri ziitwe benki? Nikamuuliza, kwenu hospitali wanapohifadhi damu wanapaitaje? Akajibu haraka, "ngân hàng máu". Kisha akanyamaza, akacheka, akasema basi ni mahali pa kuweka kitu ili ukitoe utakapokihitaji. Alilipata mwenyewe, mimi nilimwelekeza tu kwenye lugha yake. Hata maswali ya mtihani yakikusanywa pamoja, kumbe kwao nayo ni "ngân hàng". "Bank" lile la ukingo wa mto nikamwambia alishike peke yake, asihangaike kulitafutia undugu na fedha.

Naye alikuwa anajifunza Kiswahili, na "kupanda mti" ilimpa taabu. Aliuliza nitajuaje kama mtu ameshika jembe au yuko juu ya matawi? Swali la haki kabisa. Akanipa na la kwao, wanalopenda watoto wa shule: "Ruồi đậu mâm xôi đậu, kiến bò đĩa thịt bò." Inzi ametua kwenye sinia la wali wa kunata wenye maharage, sisimizi anatambaa kwenye sahani ya nyama ya ng'ombe. Kutua na maharage ni neno moja, "đậu". Kutambaa na ng'ombe ni neno moja, "bò". Na hakuna Mvietnam anayechanganyikiwa, kwa sababu neno la jirani linamwambia lipi ni lipi.

Mama wa Houston

Mimi ni wa Bukavu. Kiingereza nimekianzia hapa Texas, nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni pamoja na akina mama wa Kivietnam wa saluni za kucha. Mjue kazi hii ya kucha ina historia. Mwaka 1975, baada ya Saigon kuanguka, mwigizaji Tippi Hedren alikuwa akiwatembelea wakimbizi wanawake kwenye kambi karibu na Sacramento, California. Walipendezwa na kucha zake, naye akawaletea mtaalamu wa kuwafundisha. Wale wa kwanza wakafundisha ndugu zao, ndugu wakafungua saluni, na leo ukiingia saluni ya kucha karibu mji wowote wa Marekani utasikia Kivietnam.

Sasa fikirini maneno ya kazi yao. "Nail" ni kucha na ni msumari. "File" ni tupa ya kulainishia kucha na ni jalada la ofisini. "Coat" ni koti, na ni tabaka la rangi. "Polish" ni rangi yenyewe, ni kung'arisha, na ukianza kwa herufi kubwa ni kitu cha Poland au lugha ya huko. "Set" ndiyo usiseme: mteja anataka "a full set", seti nzima ya kucha za bandia, kesho yake kwenye fomu ya serikali kuna "set a date", panga tarehe.

Mwalimu wetu, Mmarekani mwenye roho nzuri, aliuliza siku moja "tip" ni nini. Dada wa kwanza akasema ni pesa anayoacha mteja. Wa pili akasema hapana, ni kipande cha plastiki kinachogundishwa kwenye ncha ya kucha. Wa tatu akasema ni ushauri. Mwalimu akasema wote mko sawa, akaendelea na ukurasa. Wale akina mama wakabaki wanaangaliana. Kuambiwa wote mko sawa hakumsaidii mtu ambaye kesho saa 3 mteja atamwambia sentensi moja tu na lazima aelewe.

Tulikaa wenyewe wakati wa mapumziko. Tuliona kwamba pesa huenda na "leave": "leave a tip". Plastiki huenda na gundi na kukata. "Give" haikusaidia, inabeba pesa na ushauri pia, kwa hiyo hapo tukatazama nyuma ya neno: ikifuata "on how to", ni ushauri. Tangu siku hiyo hatukuandika neno peke yake. Tunaandika neno na anayetembea naye. Wale wakubwa kwangu nawaita "chị", dada mkubwa, nao wananiita "em", mdogo wao. Hakuna aliyehitaji kunieleza kwa nini, kwetu pia mkubwa haitwi kwa jina tupu.

Mzee wa Kamusi

Nimesoma yote, mazuri. Lakini ndugu zangu, tusiwadanganye watu. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la 1989, liliweka maana zaidi ya 400 za "set" peke yake. Huwezi kungoja mwanafunzi akutane na kila moja mezani au porini. Mimi nafundisha Wavietnam kwa njia ya mtandao, wanaotaka alama za kwenda kusoma nje. Nawapa orodha: neno, maana tano za kawaida, sentensi tano, wanakariri. Wanazoea kukariri tangu shule na wanaweza. Kwa nini tuwanyang'anye silaha yao?

Mwalimu wa Jioni, Hanoi

Mzee wangu, shikamoo. Sentensi tano sizipingi hata kidogo, kwa sababu hapo umeshatoka kwenye orodha tupu. Ninachokataa ni maana tano zilizopangwa bila kuonyesha zimetokana vipi. Na niseme ninachofanya sasa, kwa sababu kilibadilisha darasa langu.

Naandika ubaoni neno lao, "đánh". Maana yake ya kwanza ni kupiga, kumpiga mtu. Nawaambia wanipe matumizi yote. Wanaanza polepole, kisha wanagombania chaki. "Đánh răng", kupiga mswaki. "Đánh đàn", kupiga gitaa. "Đánh máy", kupiga taipu. "Đánh giày", kupiga viatu rangi. Wakuu, mara ya kwanza nilisimama pale ubaoni nikashindwa kuendelea. Lugha mbili ambazo hazijawahi kukaa kijiji kimoja, na zote zimechukua kupiga zikakipeleka kwenye meno, kwenye nyuzi, kwenye taipu, kwenye viatu! Nikawaandikia za kwetu pembeni, wakashangaa kama mimi. Halafu njia zinaachana: wao "đánh cá" ni kuvua samaki, sisi tunapiga simu, kura, hodi na chafya.

Ndipo nauliza: nani aliwafundisha orodha ya "đánh"? Hakuna. Mnajuaje kama ni meno au gitaa? Kwa neno linalofuata. Sasa nafuta ubao, naandika "take". Wanasema dawa "uống thuốc", kunywa dawa kama sisi, kwa hiyo wote huandika "drink medicine". Picha wana kitenzi chake, basi wana chake, mtihani una wake. Kiingereza kimeamua yote hayo ni "take". Hawanuni tena wala hawaoni kama wanaonewa. Wanaona Kiingereza kimefanya na "take" kile ambacho wao wamefanya na "đánh" maisha yao yote.

Mzee, orodha yako ije baada ya hapo. Itakaa kichwani zaidi.

Mzee wa Kamusi

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kuanza na neno lao naichukua. Orodha siiachi.

Mgeni wa Da Nang

Shikamooni wakubwa. Naanza kufundisha Da Nang mwezi ujao, darasa la watu wazima wanaoanza kabisa, wa hotelini. Nianze na lipi? Na je, huwa inatokea kinyume, wao wana maneno mengi na Kiingereza kina moja?

Mwalimu wa Jioni, Hanoi

Karibu sana. Ndiyo, na hapo utafurahi kuwa Mswahili. "Rice" kwao ni maneno matatu: "lúa" shambani, "gạo" kwenye gunia, "cơm" mezani. Mpunga, mchele, wali, bila kubakisha. "Borrow" wanaigawa: "mượn" ni kuazima kitu utakachokirudisha chenyewe, "vay" ni kukopa fedha. "Wear" wanaigawa vipande vingi, nguo ina kitenzi chake, kofia chake, viatu na miwani vyake. Maneno ya namna hii wala hayawasumbui sana, wanachoka tu kuamini kwamba moja linatosha.

Watu wa hotelini waanzie kwa "check", "book", "charge" na "room". "Book" wanaijua ni kitabu, na wageni watawaambia "I booked", nimeweka nafasi, siku ya kwanza kazini. "Charge" itakuja na simu yenye betri imekwisha na itakuja na bili, wakati mwingine kwa mgeni yuleyule. Fundisha "charge my phone" na "charge to my room" kwa pamoja, mkononi ukiwa na simu na risiti. "Get" iache mwezi wa kwanza wote.