Kifasiri amri cha programu ya terminali: kigawanywe vipi ili kisiendelee kuvimba?

Mjenzi_wa_Terminali ameuliza:

Salamu kwenu, wanajukwaa. Ninaandika kwa Python programu ya terminali inayotunza vipimo vya kina cha maji katika visima. Mtumiaji akiifungua hukutana na alama ya kusubiri amri, huandika amri kama vile ongeza, onyesha, hamisha au futa, hupata jibu, kisha alama hiyo hurudi mpaka atakapoamua kuondoka. Kwa sasa moyo wa programu ni kitanzi kimoja, yaani msimbo unaojirudia, kinachosoma mstari na kuukata kila penye nafasi kwa split(), halafu mlolongo mrefu wa if na elif hulinganisha neno la kwanza na jina la kila amri.

Amri zilipokuwa chache mpango huo ulitosha. Sasa kila tawi la mlolongo linakagua hoja (maneno yanayofuata jina la amri) kwa namna yake, maelezo ya msaada yameachwa nyuma na msimbo, kisima chenye jina la maneno mawili hakiwezi kutajwa, na hakuna amri ninayoweza kuifanyia jaribio bila kuiwasha programu nzima na kuandika kwa mkono. Zaidi ya hayo, watumiaji wanaomba waweze kuweka amri zao katika faili na kuziendesha zote kwa mkupuo mmoja.

Kifasiri amri cha namna hii kigawanywe sehemu zipi, na mpaka kati ya sehemu moja na nyingine uwe wapi? Je, nitumie moduli ya cmd inayokuja na Python, au niandike yangu mwenyewe? Naomba mnieleze sababu, si msimbo pekee, kwa kuwa programu hii itatunzwa na watu wengine pia.

Tokeni_na_Tawi amejibu:

Ndugu Mjenzi, matatizo uliyoyataja yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba kazi tatu tofauti zimefungwa pamoja ndani ya kila tawi la if. Kazi ya kwanza ni kuugeuza mstari wa herufi kuwa maneno yaliyotenganishwa, yaani tokeni. Ya pili ni kutambua tokeni hizo zinaunda amri ipi, na kama hoja zake zinakubalika. Ya tatu ni kuitekeleza amri yenyewe. Zitenganishe ili kila moja ipokee kitu na kurudisha kitu, bila kuingilia kazi ya mwenzake.

Mpaka ninaousisitiza zaidi ni ule ulio kati ya kazi ya pili na ya tatu. Kitendakazi, yaani kipande cha msimbo chenye jina, kinachoongeza kipimo hakipaswi kujua kwamba mtu aliandika mstari wowote. Kinapaswa kupokea jina la kisima lililokwisha kuhakikiwa na namba iliyokwisha kuwa namba. Ukilinda mpaka huo, siku utakapotaka amri zilezile ziitwe kutoka kwenye faili, kutoka kwenye jaribio au kutoka kwenye dirisha lenye vitufe, hutagusa mantiki ya vipimo hata kidogo.

Mlolongo wa if uubadilishe uwe jedwali. Katika Python kamusi ya kawaida (dict, inayounganisha jina na thamani yake) inatosha:

```
AMRI = {
    "ongeza": Amri(
        kazi=ongeza_kipimo,
        hoja=[Hoja("kisima", jina_la_kisima),
              Hoja("kina", namba_chanya)],
        maelezo="Huongeza kipimo kipya kwenye kisima kilichotajwa.",
    ),
}
```

Faida kubwa ya jedwali haitokani na kasi ya kutafuta jina. Inatokana na kwamba maelezo ya amri sasa ni data, na data hiyo moja inaweza kusomwa na wengi. Amri ya msaada huipitia na kuchapisha orodha, hivyo haiwezekani tena amri ikawepo bila kutajwa katika msaada. Ukamilishaji wa maneno kwa kitufe cha Tab huisoma hiyohiyo ili kujua kwamba baada ya neno ongeza kinachotarajiwa ni jina la kisima. Ukaguzi wa hoja nao hufanyika mahali pamoja tu, kwa hiyo ujumbe wa kosa huwa na sura moja katika programu nzima.

Kuhusu ujumbe wa kosa, naomba uutendee haki, kwa sababu mtumiaji wa terminali hana kitu kingine cha kumwongoza. Kila tokeni ihifadhi nafasi yake katika mstari wa asili, ili kosa likitokea uweze kuonyesha hasa ni wapi:

```
> ongeza kisima3 mita12
                 ^
Kosa: "kina" kinapaswa kuwa namba, si "mita12".
```

Ukikata mstari kwa split() taarifa hiyo ya nafasi hupotea, na ikishapotea hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuirudisha.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni kwamba kifasiri kisichapishe chochote chenyewe. Kiwe kitendakazi kinachopokea mstari mmoja pamoja na muktadha, yaani kitu kinachoshika hifadhidata iliyofunguliwa na mipangilio ya mtumiaji, kisha kirudishe matokeo au kosa. Kuchapisha ni kazi ya kitanzi kilicho nje. Hapo jaribio la amri litakuwa mistari michache: unaunda muktadha wenye data ya mfano, unapitisha maandishi, unalinganisha ulichorudishiwa na ulichotarajia.

Mkato_wa_Nukuu amejibu:

Nakubaliana na mgawanyo alioueleza Tokeni_na_Tawi. Mimi nitazungumzia moduli ya cmd na suala la majina yenye nafasi, kwa sababu mambo hayo mawili yanakutana.

Moduli ya cmd inakupa kitanzi kilicho tayari. Unarithi klasi ya Cmd, unaandika mbinu (kitendakazi kilicho ndani ya klasi) ambayo jina lake linaanza na do_ kwa kila amri, nayo inashughulikia alama ya kusubiri, msaada, na ukamilishaji wa maneno pale maktaba ya readline inapopatikana. Kwa programu ndogo ni chaguo zuri na sioni haja ya kuikwepa. Hata hivyo, kila mbinu ya do_ hupokea sehemu yote iliyobaki ya mstari kama mfuatano mmoja wa herufi, kwa hiyo kazi ya kukata tokeni na kukagua hoja inarudi kwenye kila amri, jambo ambalo ndilo unalolikimbia. Ukiitumia, fanya mbinu zote za do_ ziwe nyembamba na zipeleke mstari kwenye jedwali lako, au tumia mbinu ya default, ambayo huitwa pale amri isipotambuliwa, ili kila kitu kipite mlango mmoja.

Zingatia pia tabia yake ya mstari mtupu. Mtumiaji akibonyeza Enter bila kuandika kitu, Cmd hurudia amri ya mwisho isiyo tupu. Katika kitatuzi kama gdb tabia ya namna hiyo ina manufaa, kwa kuwa mtu anayekagua msimbo hatua kwa hatua hutaka kurudia hatua ileile. Katika programu inayoongeza vipimo inaweza kuingiza kipimo kimoja mara mbili bila mtu kutambua. Andika upya mbinu ya emptyline ili isifanye lolote.

Sasa majina ya visima. Moduli ya shlex ina split yake inayoelewa alama za nukuu kwa kufuata kanuni za sheli za Unix, hivyo ongeza "kisima cha juu" 12.5 hutoa tokeni tatu badala ya tano. Nukuu isipofungwa, hutoa kosa la ValueError, nalo inakubidi ulidake na kulieleza kwa lugha ya mtumiaji. Mtego wake ni mkwaju wa nyuma. Katika hali yake ya kawaida shlex huuchukulia kuwa alama ya kukinga herufi inayofuata, kwa hiyo mtumiaji wa Windows akiandika hamisha C:\data\vipimo.csv, njia ya faili itafika ikiwa C:datavipimo.csv, naye atashangaa kuambiwa kwamba faili haipo. Isitoshe, shlex.split haikurudishii nafasi za tokeni ambazo mwenzangu amezisisitiza.

Kwa sababu hizo mbili ningeandika kikata tokeni changu. Si kazi kubwa: unapita herufi moja moja huku ukikumbuka kama uko nje ya neno, ndani ya neno, au ndani ya nukuu, na kila tokeni inapofungwa unaiandika pamoja na mahali ilipoanzia. Amua mapema kanuni ya mkwaju wa nyuma na uiandike katika maelezo ya msaada. Pendekezo langu ni kwamba uwe na maana maalumu ndani ya nukuu tu, tena unapotangulia nukuu au mkwaju mwingine, na kwingineko ubaki herufi ya kawaida.

Lugha_Kamili amejibu:

Ndugu zangu wameeleza ujenzi vizuri. Mimi ninataka kumtahadharisha Mjenzi juu ya jambo moja, kwa sababu ombi la kuendesha amri kutoka kwenye faili huwa halibaki peke yake. Baada ya faili, mtumiaji ataomba vigeu, yaani majina yanayoshika thamani, ili asirudie jina la kisima kila mstari. Baada ya vigeu ataomba sharti, kisha kitanzi. Kila ombi likijibiwa kwa kiraka, baada ya muda utakuwa umeunda lugha ya programu ambayo hakuna aliyeibuni, yenye kanuni za nukuu zinazopingana na ujumbe wa makosa usioeleweka.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa lugha ya programu ya Tcl. John Ousterhout na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wakitengeneza programu shirikishi za kusanifu saketi, na kila programu ilipewa lugha yake ndogo na dhaifu ya amri. Mwaka 1988 alianza kuandika lugha moja iliyokusudiwa kupachikwa ndani ya programu nyingine, ili kila programu iongeze amri zake juu ya msingi uleule. Lugha ya Lua, iliyoanzia chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazili mwaka 1993, nayo ilibuniwa iwe nyepesi kiasi cha kupachikwa.

Kwa Mjenzi ushauri wangu ni huu: chora mstari sasa. Kifasiri kibaki na amri, hoja na maoni yanayoanza kwa alama ya #, basi. Atakayehitaji masharti na vitanzi apewe moduli ya Python inayoita vitendakazi vilevile vilivyo katika jedwali. Mgawanyo alioueleza Tokeni_na_Tawi unawezesha hilo bila gharama, kwa kuwa vitendakazi hivyo havijui chochote kuhusu mstari wa amri. Mtumiaji atapata lugha kamili, yenye vitabu na kitatuzi chake, nawe hutalazimika kutunza lugha ya pili.

Mjenzi_wa_Terminali ameandika:

Nawashukuru nyote kwa majibu yenye uzito. Nitaandika kikata tokeni changu, nitajenga jedwali, na pendekezo la Lugha_Kamili kuhusu mpaka nimelikubali. Nina maswali mawili yaliyobaki. Watumiaji wangu wanaandika haraka na hukosea herufi mara nyingi. Je, ni sawa kuruhusu vifupisho, na je, programu isahihishe amri iliyokosewa? Pili, kosa likitokea katikati ya faili la amri, au mtumiaji akibonyeza Ctrl-C amri ikiwa inaendelea, kifasiri kifanye nini?

Tokeni_na_Tawi amejibu:

Vifupisho viruhusu kwa anayeandika kwenye terminali tu, na kwa sharti kwamba kifupisho kielekeze amri moja pekee. Kwa amri zako, "h" inatosha kwa hamisha, lakini "on" inaangukia ongeza na onyesha kwa pamoja, kwa hiyo programu ionyeshe zote mbili na isitekeleze lolote. Ndani ya faili vikatae kabisa. Faili lililoandikwa leo kwa kifupisho "h" litakoma kufanya kazi siku utakapoongeza amri ya hesabu, na mwenye faili hatajua kwa nini.

Kusahihisha ni suala zito zaidi. Unaweza kupima umbali kati ya neno lililoandikwa na kila jina lililo katika jedwali kwa njia ya Levenshtein, iliyochapishwa mwaka 1965, ambayo huhesabu ni herufi ngapi zinapaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa. "Ongza" iko umbali wa 1 kutoka ongeza, kwa hiyo kuuliza "Je, ulikusudia ongeza?" ni msaada wa kweli. Lakini tuseme umeongeza amri ya fuata, inayoonyesha vipimo vipya vinapoingia, na mtumiaji ameandika "fuuta". Neno hilo liko umbali wa 1 kutoka futa na vilevile umbali wa 1 kutoka fuata. Amri moja inaangalia data na nyingine inaiangamiza. Pendekeza, lakini usitekeleze kamwe kwa kukisia.

Kuhusu faili, simama kwenye kosa la kwanza, taja namba ya mstari, na utoke kwa hali isiyo 0, kwa kuwa programu nyingine zinazoiita yako hutegemea thamani hiyo kujua kama mambo yameharibika. Kwenye terminali fanya kinyume: ripoti kosa na urudishe alama ya kusubiri. Wito wa sys.stdin.isatty() ndio utakaokuambia kama amri zinatoka kwa mtu au kwenye bomba (njia inayopitisha matokeo ya programu moja kwenda nyingine), na ukigundua si mtu, usichapishe alama ya kusubiri, maana itachanganyika na matokeo. Ujumbe wa makosa upeleke stderr, yaani mkondo wa makosa ulio kando na ule wa matokeo, siku zote.

Ctrl-C ikatize amri inayoendelea, au ifute mstari unaoandikwa, na isiifunge programu. Katika Python itakufikia kama KeyboardInterrupt. Ctrl-D kwenye mstari mtupu katika Unix ndiyo inayomaanisha kwamba mtumiaji amemaliza, nayo hufika kama EOFError kutoka kwa input(). Ili Ctrl-C isiache data nusunusu, kila amri inayobadilisha vipimo ianze muamala wa hifadhidata (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote) na kuuthibitisha mwishoni, na ikikatizwa, kifasiri kibatilishe muamala huo kabla ya kurudisha alama ya kusubiri. Hilo nalo lifanyike mahali pamoja, palepale kitendakazi kinapoitwa kutoka kwenye jedwali, ili mwandishi wa amri mpya asilazimike kulikumbuka.