Nimeachishwa kazi baada ya miaka tisa. Kuna bima yoyote ya kukosa kazi hapa kwetu?

mshonaji_babadogo:

Wadau, hamjambo. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Nimeshona nguo kiwandani hapa Baba Dogo, Nairobi, miaka tisa na miezi minne. Kazi yangu ilikuwa kiuno cha suruali. Suruali inanifikia ikiwa imeshaunganishwa miguu, mimi natia mkanda, nasukuma kwa mwenzangu wa vifungo. Ukikaa hapo muda mrefu, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaota sugu upande mmoja, pale kitambaa kinapopita kikielekea kwenye sindano. Sugu bado ninayo. Kazi ndiyo sina.

Jumanne ya wiki juzi, kabla ya chai ya saa nne, tuliitwa watu kumi na wanane wa laini yetu. Tukaambiwa oda zimepungua na laini inafungwa siku hiyo hiyo. Mezani kulikuwa na bahasha zenye majina na karatasi ya ukurasa mmoja ya kutia sahihi. Bahasha yangu ilikuwa na shilingi 40,800, mshahara wa miezi miwili. Karatasi inasema nimelipwa haki zangu zote na sitadai chochote popote. Nikaomba niende nayo nyumbani nikaisome. Karani akasema karatasi haitoki, na bahasha haitoki bila karatasi. Nikaviacha vyote viwili mezani, nikachukua mkoba wangu nikaenda. Wenzangu kumi na wanne walitia sahihi. Siwalaumu hata kidogo, mwezi ulikuwa kona na kodi inangoja.

Sasa swali langu. Kwenye karatasi yangu ya mshahara ya mwisho, ambayo iko hapa mbele yangu, nimekatwa NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) 1,224, bima ya afya 561 na nyumba 306. Jumla 2,091 kila mwezi. Nimezipiga hesabu usiku huu na sioni hata moja inayoweza kunishika mkono leo nikiwa sina kazi. Wifi yangu yuko Dar es Salaam. Hoteli aliyokuwa akifanya kazi ilipofungwa, alilipwa na NSSF ya huko miezi sita mfululizo. Wanaita fao la kukosa ajira. Hakupewa na mwajiri wala na wanasiasa, ilikuwa michango yake mwenyewe.

Hapa kwetu kitu kama hicho kipo na mimi tu ndiye sijui dirisha lake? Na zile 40,800, nirudi nikazichukue au nimefanya vizuri kuziacha? Nina watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha tatu. Nikijibiwa ukweli hata kama ni mchungu nitashukuru.

kinyozi_umoja:

Pole sana mama. Usitie sahihi kwanza. Ndugu yangu alitia kwa haraka mwaka juzi, akaja kujua baadaye kwamba alikuwa anadai mara mbili ya alichopewa. Ngoja wanaojua sheria waamke.

mzee_wa_lungalunga:

Dada, pole, na hongera kwa kuondoka bila kutia sahihi. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi miaka kumi na moja katika kiwanda kimoja cha plastiki Barabara ya Lunga Lunga, kwa hiyo haya nimeyapitia na watu wengi.

Kenya haina bima ya kukosa kazi. NSSF ni ya uzeeni. Ukiwa bado kijana huwezi kuigusa kwa sababu tu umefutwa. Mlango wa mapema unafunguka ukifika miaka 50, kisha 60, au ukipata ulemavu wa kukuzuia kazi, au ukihama nchi kabisa. Bima ya afya inatibu. Ya nyumba inajenga nyumba. Kwa hiyo hesabu yako ya usiku ni sahihi. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali imsaidie asiyeweza kujikimu na wanaomtegemea. Maneno hayo yako pale tangu 2010, na mfanyakazi aliyefutwa leo hana mfuko wa kwenda kuudai.

Kilichopo ni Sheria ya Ajira ya 2007, na mzigo wote imemtwika mwajiri. Soma kifungu cha 40. Mwajiri akipunguza watu kwa sababu ya hali ya biashara, kwanza anatakiwa kutoa taarifa ya maandishi si chini ya mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi kama mko ndani, au kwako wewe binafsi kama huna chama, na pia kwa afisa wa leba, yule wa serikali anayesimamia mambo ya kazi. Hakuna kufunga laini kabla ya chai. Kisha akulipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika, mshahara wa mwezi wa notisi, na siku za likizo ulizobakiza.

Tufanye hesabu yako. Makato yako yanaonyesha mshahara wa 20,400. Siku 15 ni 10,200, mara miaka tisa ni 91,800. Ongeza notisi 20,400. Likizo umebakiza siku ngapi? Tuseme kumi na mbili, ni 8,160. Jumla 120,360. Wamekuwekea 40,800 kwenye bahasha. Kuna 79,560 ambazo ile karatasi ilitaka uzisahau.

Waliotia sahihi nao wasikate tamaa mara moja. Mahakama huangalia kama mtu alitia kwa hiari, akielewa anachoachilia. Karatasi isiyoruhusiwa kutoka chumbani ni jambo la kumweleza hakimu. Lakini vita vyao ni vigumu kuliko chako, nisiwadanganye.

Usikae. Malalamiko kwa afisa wa leba kuhusu kuachishwa yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Kesi mahakamani, ndani ya miaka mitatu. Na kwa mshahara wako huhitaji kuanzia mahakama kuu ya ajira pale Milimani. Tangu 2018 mahakimu waandamizi walioteuliwa wanasikiliza kesi za watu ambao mshahara wao hauzidi 80,000 kwa mwezi. Dai pia cheti cha utumishi, ni haki yako kwa kifungu cha 51, uwe umegombana nao au la. Bila cheti hicho kiwanda kingine kitakuanzisha kama mwanagenzi.

Sasa linaloniuma zaidi. Pesa hizi zote zinategemea mfuko wa yule yule aliyeishiwa. Kiwanda chetu kilipofilisika, mitambo ilikuwa imewekwa rehani. Tulikuwa na haki zetu kwenye karatasi, na Sheria ya Ufilisi ya 2015 inamweka mfanyakazi karibu na mbele ya foleni, lakini kwa kiwango kisichozidi 200,000 kwa mtu, na mwenye rehani ana mashine zake tayari. Kuna wenzangu waliofanya kazi miaka ishirini. Mmoja, fundi wa moldi, alikuwa anakuja getini kila Jumatatu na kofia yake ya kazi, akiuliza kama wafilisi wamefika. Alikuja hivyo miezi mingi.

Na kuna kifungu ambacho karibu hakuna mfanyakazi ninayemjua aliyewahi kukisikia. Sheria hiyo hiyo ya 2007, kifungu cha 66, inasema mwajiri akifilisika mfanyakazi anaweza kumwandikia waziri, na waziri akiridhika, mfanyakazi alipwe baadhi ya madeni ya mshahara kutoka NSSF. Waliotunga sheria walijua kwamba mwajiri anaweza kufa na pesa za watu. Mlango walichonga, ila watu hawajaonyeshwa ulipo.

bandari_hadi_joburg:

Niongeze ya Afrika Kusini kwa sababu niliishi Johannesburg miaka saba nikifanya kazi ya ghala. Huko kuna mfuko wa bima ya kukosa kazi, wanauita UIF. Mfanyakazi anakatwa asilimia 1, mwajiri anaongeza asilimia 1. Kila siku nne unazofanya kazi zinakupa siku moja ya kulipwa, hadi siku 365. Kiasi kinategemea mshahara: wa mshahara mdogo analipwa sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake, wa mshahara mkubwa sehemu ndogo. Na tangu 2003 hata wafanyakazi wa nyumbani wamo.

Lakini kuwa na mfuko ni jambo moja, kuufikia ni jambo jingine. Mke wangu alikuwa akifanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja siku tano kwa wiki. Yule mama alipohama, mke wangu akaenda kudai. Tukapanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, baridi ya mwezi wa saba, amefunga leso juu ya koti. Tulipofika dirishani, jina lake halikuwemo. Mwajiri hakuwahi kumwandikisha. Miaka minne ya kazi, siku zake zote zimepotea kwa fomu moja ambayo hakuwahi kuiona.

Kwa hiyo siku Kenya ikianzisha, tusiridhike na jina la mfuko. Mfanyakazi aweze kuangalia mwenyewe kwa simu, kila mwezi, kama ameandikishwa na kama mchango umefika. Na yule wa kibarua na yule dada wa nyumba wawemo tangu siku ya kwanza. Ukiwaacha nje kwa ahadi ya kuwaongeza baadaye, utawaacha miaka.

duka_la_vipuri:

Naheshimu mnayosema, ila mimi ni mwajiri wa watu watatu hapa Kariobangi. Naongezea NSSF asilimia 6 kwa kila mmoja, nyumba asilimia 1.5. Kila mwaka kuna kato jipya. Mkiongeza lingine, nitabaki na watu wawili, na huyo wa tatu ndiye mtakuwa mmemsaidia kukosa kazi.

mzee_wa_lungalunga:

Ndugu wa vipuri, hoja yako si ndogo. Lakini tazama unachobeba sasa. Ukiwa na mtu wa mshahara wa 20,400 kwa miaka tisa na biashara ikakudondokea, unadaiwa 91,800 kwa mkupuo, mwezi ule ule ambao huna kitu. Asilimia 1 ya mshahara huo ni 204 kwa mwezi. Mimi ningetaka mfuko ubebe sehemu ya deni hilo, ili anayefunga duka asikimbie usiku na anayefutwa asilale njaa. Wakikuletea kato jipya na deni la zamani likabaki vile vile, nitasimama na wewe kupinga.

mshonaji_babadogo:

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikimsomea mume wangu kwa sauti. Ahsanteni kutoka moyoni. Siku za likizo nilizobakiza ni kumi na mbili kweli, mzee, sijui ulijuaje.

Jana nilienda ofisi ya leba na karatasi zangu za mshahara. Nilikuwa nazo 97 kati ya 112, nimezitunza kwenye mkebe wa biskuti tangu mwanzo, nyingine wino umefifia hadi unaona tarehe tu. Afisa alizipokea, akaandika malalamiko yangu, akamwita mwajiri kwa barua. Nikaomba na cheti cha utumishi kiwekwe kwenye barua hiyo hiyo.

Kuhusu mfuko, nijibu kama mtu wa mshahara mdogo. Hiyo 204 ningekatwa bila kunung'unika. Kwa utaratibu wa Tanzania, theluthi ya mshahara wangu ni 6,800, kwa miezi sita. Najua kila shilingi ingeenda wapi: kodi ya chumba 4,500, unga, stima, na zinazobaki nauli ya kutafuta kazi. Mtoto asingekuwa ameniuliza jana kama arudi shule muhula ujao au aanze kushona na mimi.

Na mke wa ndugu wa Johannesburg, mpe pole yangu. Nilifanya kazi ya nyumba miaka minne kabla ya kiwanda, Buruburu. Hiyo miaka haiko kwenye karatasi yoyote.

Tumeitwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Wale watatu wengine ambao hawakutia sahihi wanakuja, na mmoja wa waliotia ameomba aje pia. Tumekubaliana kukutana kituo cha Allsops saa moja na nusu tupande gari moja. Mkebe nitaubeba mimi.